Lala Kifudifudi, Mama

Mtu anayefika kwangu kwa ajili ya mgongo au shingo huwa ameshapita kwingi. Ameshachuliwa kwa mafuta ya karafuu, ameshachomwa sindano za maumivu, ameshanunua mkanda wa kiuno, na jirani ameshamshauri ashushe godoro alale chini. Mkononi ana bahasha kubwa ya eksrei. Anaiweka mezani kabla hajakaa, na maneno yake ya kwanza nayajua: "Daktari, nimeambiwa pingili zimesagika."

Mimi ni mtaalamu wa fiziotherapia, yaani tiba ya viungo kwa mazoezi na mikono, nilisomea Moshi na sasa nafanya kazi hapa Tanga. Wagonjwa wangu wengi ni wa migongo na shingo. Bahasha naipokea, picha naitazama kwenye mwanga wa dirisha, kisha naiweka pembeni na kumwambia mwenyewe kwamba sasa nataka kumtazama yeye. Wengine huvunjika moyo hapo, maana picha imewagharimu pesa. Nawaelewa. Lakini kuna jambo ambalo natamani kila mwenye bahasha angeambiwa siku ileile aliyopigwa picha.

Mwaka 2015 ulichapishwa uchambuzi uliokusanya tafiti 33 za watu 3,110 waliopigwa picha za uti wa mgongo ilhali hawaumwi mgongo kabisa. Kwa watu wa miaka 20, asilimia 37 walionekana na diski zilizochakaa, yaani ile mito laini iliyo kati ya pingili na pingili. Kwa wa miaka 80, asilimia 96. Diski iliyotuna nje ya mahali pake ilionekana kwa asilimia 30 ya vijana wale na asilimia 84 ya wazee. Narudia: hawa ni watu wasioumwa. Kwa hiyo karatasi ya picha inaweza kusema kweli tupu na bado isiwe imekitaja kinachokuuma.

Ninayoyaona yakifuata baada ya karatasi ile ndiyo yanayonisukuma kuandika. Watu wenye nguvu zao wanaacha kubeba ndoo, wanaacha kulima, wanaacha hata kumpakata mjukuu, kwa sababu wanaamini kila wakijongea wanazidi kujisaga. Misuli inalegea, mwili unakuwa mzito, usingizi unapotea, na maumivu yanaongezeka. Mgongo wenyewe ni kitu imara: pingili 33, 24 kati yake zinazojongea, zimefungwa kwa kano nene na misuli tabaka juu ya tabaka. Umeumbwa ubebe, ukunjuke, uzunguke.

Nimepewa ruhusa nieleze habari ya mama mmoja, fundi cherehani wa Ngamiani. Alikuja mara tu baada ya Idi. Kila fundi anajua kumi la mwisho la Ramadhani lilivyo: makanzu, madera, nguo za watoto, na kila mwenye kitambaa anataka chake kabla mwezi haujaandama. Mama huyu alikuwa akiinamia cherehani yake ya miguu tangu tarawehe hadi daku. Sikukuu ilipopita akainama kuokota mkasi, kiuno kikashika palepale. Siku chache baadaye maumivu yakateremka kalioni, nyuma ya paja, hadi kwenye kigimbi cha mguu wa kushoto, na kidole kidogo cha mguu kikaanza kufa ganzi. Akaambiwa alale kitandani mpaka apone. Akalala. Kila alipoamka alikuwa mgumu kuliko jana.

Ushauri huo wa kulala ulishapimwa zamani. Mwaka 1986 jarida la New England Journal of Medicine lilitoa utafiti uliowalinganisha wagonjwa walioambiwa wapumzike kitandani siku mbili na walioambiwa siku saba. Wa siku mbili walikosa kazi siku chache zaidi, na hakuna jambo lolote ambalo wa siku saba waliwazidi. Mwaka 1995 jarida hilohilo likatoa utafiti kutoka Helsinki: walioambiwa waendelee na shughuli zao kwa kadiri maumivu yanavyoruhusu walipona haraka kuliko walioambiwa walale kitandani. Miaka yote hiyo imepita, na bado mama anaambiwa akalale.

"Shikamoo mama, karibu."

"Marahaba mwanangu. Nisaidie."

Nilimuuliza maswali mengi kabla ya kumgusa. Yakiwa makali yanafika wapi? Asubuhi yakoje, jioni yakoje? Ukikohoa au kupiga chafya yanaruka mguuni? Kukaa na kutembea, kipi kibaya? Kukaa, alisema, akitembea hadi dukani anapata nafuu. Mkojo unatoka kama kawaida? Makalio na sehemu za siri zina hisia? Umepungua uzito, unatokwa na jasho usiku, una homa? Haya ya mwisho nitayarudia mbele kidogo.

Kisha nikazipima neva, yaani mishipa ya fahamu. Atembee kwa ncha za vidole, halafu kwa visigino. Avute kidole gumba cha mguu kuelekea juu huku mimi nakizuia. Nyundo ya mpira chini ya goti na nyuma ya kisigino. Pamba juu ya ngozi, macho yamefumbwa: "Unahisi? Ni sawa na upande wa pili?" Akiwa chali nikauinua mguu wake wa kushoto ukiwa umenyooka, na kabla haujafika nusu ya njia akashika ukingo wa kitanda. Dalili hiyo inaonyesha mzizi wa neva umekereketa. Lakini nguvu za mguu zilikuwepo zote, na hilo lilinipa nafasi ya kuendelea.

Sasa inakuja sehemu ambayo ndiyo kiini cha tiba yenyewe. Nikamwambia asimame, ainame mbele, anyanyuke, arudie. Aliporudia mara chache tu maumivu yakawa yamejaa kigimbini. Nikamsimamisha.

"Sasa lala kifudifudi, mama."

Akanitazama. "Mwanangu, mimi hata kusimama wima siwezi, unataka nikunjuke kwa nyuma?"

Nikamwambia tutakwenda polepole, na akisema basi, ni basi. Akalala, mikono pembeni, tukamwacha apumue. Halafu akaegemea viwiko. Alipozoea nikamwonyesha kukisukuma kitanda kwa viganja hadi kifua kiinuke, kiuno kimelegezwa, nyonga zimebaki kitandani. Juu, chini, juu, chini. Baada ya kumi za kwanza nikamuuliza habari ya kigimbi. Akanyamaza kidogo.

"Kigimbi kimeacha. Lakini kiuno ndiyo kinauma zaidi."

Kumi nyingine. Paja nalo likaachia. Yakabaki kalioni na kiunoni.

Hapo wagonjwa wengi huogopa na kutaka kuacha, kwa hiyo nataka hili lieleweke vizuri. Maumivu ya mguuni yakianza kupanda na kujikusanya katikati ya mgongo, hata kama hapo katikati yanazidi kidogo kwa muda, hiyo ni habari njema. Yakishuka zaidi kwenda unyayoni, zoezi hilo si lako, liache. Kanuni hii ilitoka kwa Robin McKenzie, mtaalamu wa fiziotherapia wa New Zealand. Mwaka 1956, kwenye kliniki yake mjini Wellington, mgonjwa mwenye maumivu ya mgongo na mguu aliambiwa aingie ndani alale kifudifudi. Kitanda kilikuwa kimeachwa kimeinuliwa kwa ajili ya mgonjwa mwingine, naye akalala vilevile, mgongo umepinda kwa nyuma, akasahaulika kwa dakika kadhaa. McKenzie alipoingia alishtuka sana, maana enzi hizo mkao ule ulihesabiwa kuwa wa hatari. Mgonjwa akamwambia mguu hauumi tena. McKenzie hakulipuuza alilosikia. Aliwatazama wagonjwa wengine kwa miaka mingi, akajenga njia nzima ya kupima kwa kurudiarudia mijongeo na kufuata maumivu yanakoelekea. Alifariki mwaka 2013, na njia yake inafundishwa hadi leo.

Mama alirudi nyumbani na zoezi moja tu: kulala kifudifudi na kujisukuma juu mara kumi, kila baada ya saa mbili au tatu akiwa macho. Nilimkunjia kanga yake ikawa bunda la unene wa mkono, nikamwonyesha aiweke nyuma ya kiuno kila anapokaa, tena akikaa afike mwisho wa kiti. Kila akimaliza kipande cha kushona asimame, mikono kiunoni, ajikunjue kwa nyuma mara kadhaa. Tukazungumza pia juu ya mbuzi ya kukunia nazi. Kukaa chini vile, magoti juu, mgongo umekunjwa, huku mkono unasukuma kwa nguvu, ni mkao mbaya sana kwa diski iliyokereketa. Bintiye akachukua zamu ya nazi. Na ufagio wa chelewa ukapumzishwa, ukanunuliwa wenye mpini.

Swali lake kubwa lilikuwa swala. Rukuu na sijda zote ni kuinama mbele. Nilimwambia kwa muda huu wa mwanzo aswali kwenye kiti, na ruhusa ya mgonjwa katika dini yake aliijua vizuri kuliko mimi. Lakini tuliwekeana ahadi kwamba kiti kile ni cha muda. Mguu ulipotulia tulianza kurudisha kuinama kidogokidogo: kwanza amelala chali anavuta magoti kifuani, halafu amekaa, halafu amesimama. Watu wengi wanaruka hatua hii. Maumivu yanaondoka wanabaki wanajikinga wasiiname maisha yao yote, na mgongo usioinama hudhoofika. Ganzi ya kidole ilichelewa sana kuondoka kuliko maumivu, jambo la kawaida kwa neva. Sasa anashona, anaswali mkekani, na nazi anakuna mwenyewe.

Msije mkatoka hapa mkadhani kila kiuno dawa yake ni kifudifudi. Mzee mmoja wa Makorora alikuja analalamika kwamba hawezi kutembea kutoka nyumbani hadi msikitini bila kusimama njiani. Miguu inakuwa mizito, inakufa ganzi, mpaka akae kwenye baraza ya watu. Akikaa, yanaisha. Nikamuuliza kuhusu baiskeli. Hapa Tanga mzee wa rika lake hukosi kumkuta na baiskeli. "Aa, baiskeli naendesha mpaka Pongwe na kurudi, sina shida."

Jibu lile lilinipa nusu ya ugonjwa. Kwa wazee, mfereji unaopitisha neva ndani ya uti wa mgongo huweza kuwa mwembamba. Ukisimama wima unabana zaidi, ukiinama mbele, kama juu ya baiskeli, unafunguka. Ingekuwa ni mishipa ya damu ya miguu iliyoziba, baiskeli nayo ingemuumiza, kwa sababu misuli inayofanya kazi inataka damu, umekaa au umesimama. Hata hivyo nilipapasa mapigo ya damu juu ya nyayo zake zote mbili, nikayakuta. Mzee huyu ningempa mazoezi ya yule mama ningemtesa. Yeye mazoezi yake ni kuvuta magoti kifuani, kuimarisha misuli ya makalio na mapaja, kutembea vipande vifupi huku akipumzika kabla miguu haijajaa, na baiskeli yake aendelee nayo.

Ndiyo maana sipendi video zinazosambazwa kwenye makundi ya WhatsApp, zoezi moja kwa wagonjwa wote. Mgongo mmoja unataka kwenda nyuma, mwingine mbele, mwingine hautaki lolote kati ya hayo bali unataka nguvu na usingizi.

Shingo nayo ina yake. Ninaowapokea sana ni walimu wakati wa kusahihisha mitihani, wahasibu, na vijana wa simu. Wengi hawaji na neno shingo, wanakuja na kichwa: kinaanza kisogoni upande mmoja, kinapanda, kinatua nyuma ya jicho. Wamemeza dawa za kichwa hadi tumbo linauma. Ukiwageuza shingo kwa mikono, pingili za juu upande ule zimekaza, na ukizibonyeza wanasema, "Hapohapo, ndiyo kichwa chenyewe hicho." Hapo mikono ina kazi. Ninazijongeza pingili zile taratibu, bila kishindo, mpaka zilegee.

Lakini mikono peke yake haitoshi. Ndani kabisa mbele ya shingo kuna misuli midogo inayoshikilia kichwa, na kwa mtu mwenye maumivu ya muda mrefu huwa imezembea, kazi yake ikachukuliwa na misuli mikubwa ya juujuu. Gwendolen Jull na wenzake wa Australia walitengeneza kipimo chake. Mimi chumbani kwangu natumia mkanda wa mashine ya presha. Naukunja, nauweka chini ya shingo ya mgonjwa aliyelala chali, naujaza hadi 20. Kisha namwambia aitikie kwa kichwa, kidogo mno, mpaka mshale ufike 22, ashikilie hapo kwa sekunde kumi. Halafu 24, na kuendelea hadi 30. Inaonekana rahisi mpaka ujaribu. Watu hubana meno, huzuia pumzi, na kano mbili za mbele ya shingo hutokeza nje. Kazi yetu ni kurudia mpaka kano zile zitulie na misuli ya ndani ifanye kazi yake. Mwaka 2002 Jull na wenzake walichapisha matokeo ya wagonjwa 200 wenye maumivu ya kichwa yatokayo shingoni. Tiba ya mikono ilisaidia, mazoezi haya yakasaidia, na nafuu ilikuwa bado ipo mwaka mzima baadaye.

Na kwa heshima zote kwa vinyozi wetu, usimruhusu mtu akuzungushe shingo kwa nguvu mpaka ilie "ka!" baada ya kukunyoa. Ndani ya pingili za shingo inapita mishipa ya damu inayokwenda kwenye ubongo. Kuchanika kwake ni jambo la nadra, lakini limeshatokea kwa watu wenye afya zao na likaleta kiharusi.

Mikanda ya kiuno pia naomba niiseme wazi, maana inauzwa sana. Shirika la Afya Duniani linataja makadirio kwamba mwaka 2020 watu milioni 619 duniani walikuwa na maumivu ya kiuno, na kwamba watafika milioni 843 ifikapo 2050. Desemba 2023 likatoa mwongozo wa kutibu maumivu ya kiuno yaliyo sugu. Linapendekeza elimu kwa mgonjwa, mazoezi, tiba za mikono kama kuchua, na msaada wa kisaikolojia. Mikanda halipendekezi, kuvutwa mgongo kwa mashine halipendekezi, wala dawa kali za maumivu za jamii ya mofini. Fedha ya mkanda ingelipa nauli ya kuja kupimwa.

Sasa yale maswali niliyosema nitayarudia. Mkojo ukikataa kutoka, au ukitoka bila habari, haja kubwa ikikuponyoka, makalio na sehemu za siri zikifa ganzi, au miguu yote miwili ikilegea, usitafute fiziotherapia. Nenda hospitali kubwa saa hiyohiyo, hata kama ni usiku, maana neva za chini zikibanwa hivyo, kila saa ina thamani. Maumivu ya mgongo yasiyotulia usiku, pamoja na homa za jioni, jasho na kukonda, yanaweza kuwa kifua kikuu cha uti wa mgongo. Kwetu si jambo la kusoma vitabuni tu. Kikichelewa huleta kibyongo na kupooza, ilhali dawa za kifua kikuu hutolewa bure kwenye vituo vya serikali. Waliowahi kuugua saratani, na walioanguka kutoka juu ya mnazi au kwenye bodaboda, waonwe na daktari kwanza. Na ukiona vidole vya mikono vinashindwa kufunga vifungo vya shati huku miguu inayumba, hiyo shingo si ya kuchuliwa. Huenda uti wa neva unaopita ndani ya pingili unabanwa.

Mwisho nina neno kwa anayekwenda kwa mtaalamu wa fani yangu, popote alipo. Nimepokea wagonjwa waliohudhuria mahali fulani kwa miezi, kila siku wakiwashwa taa ya joto mgongoni dakika ishirini, wakalipa, wakaondoka, na hakuna aliyewahi kuwaambia wainame aone. Joto linatuliza, sikatai. Lakini una haki ya kupimwa. Muulize: tatizo langu linaelekea upande gani, na umelijuaje? Zoezi la nyumbani ni lipi, mara ngapi, na likinizidishia nifanye nini? Baada ya muda gani tutajua kwamba njia hii haifai tubadilishe? Asipokuwa na majibu, chukua bahasha yako utafute mwingine.